Glavu ya Herufi, Kutoka Likasi Hadi Kalemie

Ninyi mlionijia tangu nirudi, mkashika mkono wangu na kuniuliza ilikuwaje, mnisamehe kwa kuwajibu vipandevipande. Swali likiingia kwenye kiganja herufi kwa herufi linachukua muda wake, na kabla jibu halijaisha kutoka mgeni mwingine yuko mlangoni. Ndiyo maana nimemwomba jirani yangu, Mama Georgette, aketi na kalamu. Mimi nasema, yeye anaandika. Nitasimulia mara moja, kisha mtaniacha nifume sweta za watu.

Kwa wale wasionijua, mimi ni Faida, Mama Sakina. Surua ilinichukua macho nikiwa mdogo, na masista wa shule ya vipofu wakanifundisha kufuma na kuzijua herufi kwa kuzipapasa. Masikio yalianza kuniaga nikiwa nimeshaolewa. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, mtu wa Kalemie, mcheshi sana. Alipofariki, ndugu zake walikuja hapa Likasi msibani, na siku ya kuondoka wakaondoka na binti yetu Sakina. Shemeji yangu Ramazani aliniambia karibu kabisa na sikio, ili nisipoteze neno:

"Shemeji, usikasirike. Kipofu anaweza kuchunga mutoto. Kiziwi vilevile. Lakini weye ni vyote viwili. Siku weye utafika Kalemie peke yako, bila muntu wa nyumba yako kukushika mukono, utabeba mutoto yako. Kama hauwezi kufika, utamuchunga namna gani?"

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwa sababu usiku nilijiuliza swali lilelile.

Likasi

Nilisafiri na vitu vitatu vya kunisaidia. Cha kwanza ni fimbo nyeupe, bomba jepesi ambalo kaka yangu Asumani alinichongea kwenye mashine yake kiwandani. Cha pili ni sanduku la kusikia: kiboksi cha chuma kinachokaa kifuani ndani ya mfuko wa kitambaa, na waya unaopanda hadi sikioni. Kinakula mawe ya betri kama redio, na kinanipa sauti za watu walio karibu, zikiwa zimechanganyika na mikwaruzo. Cha tatu ni glavu ya herufi. Ni glavu nyeupe ya kazi, ya pamba, ambayo Mama Georgette aliishonea alfabeti nzima kwa uzi mweusi. Ncha za vidole ni irabu: A kwenye kidole gumba, E, I, O, na U kwenye kidole cha mwisho. Herufi nyingine ziko kwenye viungo na kiganjani. Mtu akitaka kuniambia jambo anagusa herufi moja baada ya nyingine, nami nazisoma kwa ngozi. Hahitaji kujifunza chochote. Anachohitaji ni kujua kusoma, na hilo nilikuja kulijutia njiani.

Asumani alinisindikiza hadi mlango wa behewa. Asubuhi hiyo upepo ulikuwa unatoka upande wa viwanda, na koo lilikuwa likiwasha kwa ule moshi wetu tunaoufahamu wote.

"Faida, ngojea kidogo," akasema. "Vita ya Kolwezi imeisha juzi tu. Basoda na bunduki bamejaa mu njia yote. Nikipata konje, ruhusa ya kazi, nitakupeleka minye mwenyewe."

"Ukinipeleka, Ramazani atasema nimeletwa."

"Acha aseme."

"Na mutoto atabaki kule."

Alinipa kikapu cha njiani: ugali baridi wa bukari uliofungwa kwenye majani, samaki wa chumvi wa makayabu waliokaangwa, na chupa ya kinywaji cha munkoyo. Nilikaa dirishani, begi langu la sufu za kufumia likiwa miguuni. Behewa lilipostuka na kuanza kwenda, nilijishika tumbo kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mimba. Nawaambia ukweli: kama mlango ungekuwa karibu ningeshuka.

Tenke

Tenke ndipo reli ya Kolwezi inapoungana na yetu. Tulisimama. Nilisikia mabuti yakipanda, yakiwa mengi, na behewa zima likanyamaza kwa namna ambayo hata mimi niliisikia. Walikuwa wanakagua kadi na mizigo. Mama mmoja nyuma yangu alianza kuomba kwa sauti ndogo, kisha akaacha katikati ya maneno.

"Weye sitwayeni," sauti ikasema juu yangu, ikiniita mwananchi kama serikali inavyotaka. "Iko nini pa kifua?"

"Ni kamashini ya kusikilia, papa. Minye ni kiziwi. Na macho haionake."

"Hii waya inakwenda wapi?"

"Mu sikio."

"Unasikilia nani?"

"Ninakusikilia weye."

Mtu mmoja alicheka, na nikajua mara moja kwamba nimekosea, ingawa nilijibu kweli tupu. Mkono ukanivuta waya. Yule askari alijitia kile kidude sikioni mwake huku kiboksi kikiwa bado kifuani pangu, na kwa kuwa vilikaribiana, lazima sanduku lilipiga ile filimbi yake kali. Alirudi nyuma akanikanyaga mguu, kidude kikamponyoka, nami nikakirudisha sikioni mwangu.

"Iko inaita! Chef, kuya uone! Iko inaita bantu!"

Wakanishusha. Sikushushwa kwa kupigwa, nisiwasingizie, lakini walinishika mikono pande zote mbili na miguu yangu haikugusa ngazi zote. Waliivua glavu mkononi mwangu. Nilisikia wakibishana juu ya zile herufi, mmoja akisema ni maandishi ya siri, mwingine akisema ni ya watoto wa shule. Halafu mtu akachukua sanduku lenyewe kutoka kifuani, na dunia ikafungwa.

Bila sanduku, hata ngurumo ya radi kwangu ni kama mtu anayekohoa nyumba ya tatu. Nilisimama kwenye changarawe bila fimbo, bila glavu, bila sauti. Nilijua jua liko mbele yangu kwa sababu ya joto usoni. Nilijua treni iko nyuma yangu kwa sababu ya harufu ya mafuta yake. Sikujua kama kuna bunduki. Watu wenye macho huniambia kwamba kuona bunduki kunatisha, nami huwajibu: jaribuni kutoiona.

Nikasema kwa nguvu, bila kujua naongea na nani, "Minye ni Mama Sakina, ninatoka Likasi, ninakwenda kubeba mutoto yangu." Nikarudia, nikarudia tena. Huenda walikuwa wamesimama mbele yangu wakinisikiliza. Huenda hapakuwa na mtu.

Kisha changarawe ikaanza kutetemeka chini ya viatu vyangu. Treni ilikuwa inajitayarisha kuondoka. Ndipo mtu akanivalisha glavu, polepole, kidole kwa kidole, na kidole kinene chenye ngozi ngumu kikagusa: P, A, N, D, A.

Panda. Lakini nani anasema? Abiria anayenihurumia, au askari anayenipeleka nisikokujua? Kama ningekaa pale, treni ingeniacha. Kama ningepanda, ningekuwa mikononi mwa mwenye kidole kile. Nikanyoosha mkono, nikapanda.

Tenke hadi Kamina

Mtu huyo alikaa kando yangu. Nilihisi bega lake na kitambaa kigumu cha sare, na goti langu lilipoteleza likagusa chuma baridi. Basi nikajua ni askari, na ile ilikuwa bunduki yake.

Mlima ulipotulemea treni ilienda kwa hatua ya mtu anayepanda ngazi, kisha ikakimbia. Nilikuwa na kikapu mapajani. Nilihisi kifuniko kikiinuliwa kidogo, kikarudishwa. Nikafikiri: ana njaa. Nikatoa bukari na makayabu, nikamega, nikaunyoosha mkono kuelekea bega lile. Alichukua. Tulikula wote wawili, mfungwa na mlinzi wake, kutoka kwenye jani moja. Munkoyo aliukataa, akagusa P, O, M, B, E. Nilimwambia si pombe, ni ya mizizi, imetengenezwa jana tu, nami ni Mwislamu. Nadhani hakuniamini, maana chupa ilirudi ikiwa imejaa.

Karibu na Bukama joto liliongezeka, na harufu ya samaki wabichi ikaingia dirishani. Hapo ndipo alipoanza kusema. Alijitaja kwa cheo tu, kaporali, na mwandiko wake wa kugusa ulikuwa wa mtu aliyesoma kidogo zamani, akisimama kila baada ya herufi kama anaitafuta.

U, N, A, E, N, D, A, K, A, M, I, N, A, K, W, A, C, H, E, F.

Unaenda Kamina kwa chef. Alikuwa amepewa kazi ya kunipeleka mimi na sanduku langu kwa mkubwa wa Kamina ili aamue.

Nilimwuliza, "Atanifanya nini?"

S, I, J, U, W, E.

Nikakibana kidole chake kiganjani mwangu, kisha nikakiachia. Akagusa: U, N, A, O, G, O, P, A?

"Ndiyo," nikasema.

Kisha: M, I, N, Y, E, P, I, A.

Mimi pia. Sikumwuliza anaogopa nini. Mwaka huu mtu hamwulizi askari swali kama hilo, na mtu mwenye bunduki anayemwambia kipofu kwamba anaogopa hajaomba kuulizwa. Tuliendelea hivyo hadi Kamina, mkono wake ukiwa juu ya mkono wangu.

Kamina

Niliketishwa kwenye benchi ndani ya chumba chenye harufu ya petroli na karatasi. Mlango ulipofunguliwa nilijua kwa hewa kwenye vifundo vya miguu. Ulifunguliwa na kufungwa mara nyingi. Walichukua begi langu, na baadaye nikalirudishiwa likiwa jepesi na limevimba: walikuwa wamefungua mabonge yote ya sufu, moja baada ya jingine, kutafuta kilichomo ndani. Nilitia mkono, nikakuta tope la nyuzi.

Sijui tulikaa hapo muda gani. Kwa kiu na kwa haja ndogo nasema ni muda mrefu. Nilijaribu kusoma dua, nikakuta ninairudia Fatiha na kila mara napotea mahali palepale. Mawazo yaliyonijia yalikuwa ya kijinga. Niliwaza kwamba nikifa hapa, Ramazani atamwambia Sakina, "Unaona? Tulisema." Wazo hilo lilinitisha kuliko kufa kwenyewe.

Mwishowe akaja mtu mwenye mikono iliyonuka spiriti ya hospitali. Alinishika kidevu, akanigeuza kichwa, akachungulia sikio moja na jingine. Alifungua jicho langu kwa kidole gumba. Kisha akatumia glavu, upesi sana, kama mtu anayepiga taipu, hadi nikamwomba aanze upya.

APAREYI YA MASIKIO. NIMEWAELEZA. WEWE HURU.

Alinirudishia hiyo apareyi, sanduku langu, kifuani na kunitia kile kidude sikioni. Nikangojea mikwaruzo. Hakuna. Nikazungusha kitufe hadi mwisho. Hakuna.

WAMEKATA WAYA, akagusa. Na baada ya kitambo: SINA NYINGINE.

Hapo nililia, baada ya kutolia Tenke wala mbele ya mlango ule. Huru, na hata sauti ya kuambiwa hivyo sikuipata. Bado nilikuwa sijafika hata nusu ya njia, na nyumbani kulikuwa karibu kuliko Kalemie. Kaporali alinipeleka kituoni, akanisimamisha mahali, akagusa swali moja: LIKASI? KALEMIE?

Nilitaka sana kusema Likasi. Nilifungua mdomo kusema Likasi. Nikasema, "Kalemie."

Alinipandisha, akaniweka kwenye kona mbali na mlango, akanirudishia fimbo. Nadhani alimwambia mtu jambo, kwa sababu nilihisi miguu ikisogezwa kunipa nafasi. Kisha akashuka. Jina lake hakuniambia.

Kamina hadi Kabalo

Aliyenipa nafasi alikuwa mama mnene mwenye harufu ya samaki wakavu na mafuta ya mawese. Nilimwonyesha glavu, nikamweleza namna ya kuitumia. Akagusa: K, K, O, B, kisha U, kisha kiganja kizima.

Nikasema, "Mama, sijaelewa."

Akarudia kwa nguvu zaidi, akinichoma kila mahali, na nikaelewa kwamba hajui kusoma. Kwa pumzi yake usoni nilijua alikuwa anaongea kwa mdomo huku akigusa, akidhani glavu ndiyo inayosikia. Ningecheka kama nisingekuwa na hofu. Uzi wote ule wa Mama Georgette, na mbele ya mama huyu ulikuwa pambo tu.

Tukabaki na kichwa na mikono. Nilimwambia: gusa mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Hilo alilishika upesi. Kwa maswali mengi nilipata habari zake. Anauza samaki? Ndiyo. Ana watoto? Ndiyo, ndiyo, ndiyo, akagonga hadi nikaacha kuhesabu. Anakwenda Kalemie? Hapana. Kabalo? Ndiyo. Kwa kubahatisha nikalifikia hata jina lake: Mama Feza. Alipoona begi langu alilitoa lile tope la sufu, akaweka ncha mkononi mwangu, tukakunja mabonge upya, yeye akifumbua na mimi nikizungusha. Hiyo ndiyo kazi iliyoniokoa kichwa siku ile.

Treni yetu ikasimama porini. Injini ilikuwa imechoka, au reli mbele ilikuwa imeharibika. Kila niliyemwuliza baadaye alinipa sababu yake. Watu walishuka, wakawasha moto kando ya reli wakapika. Nilinusa sombe ya majani ya mhogo na moshi wa kuni mbichi. Nami nilikuwa na haja ya kushuka, na sikuthubutu. Mwenye masikio akisikia honi anakimbia. Mimi ningekuwa kichakani, treni ingeondoka, na ningebaki nikisimulia nyasi kwamba mimi ni Mama Sakina.

Mama Feza alielewa nilipojikunyata. Alichana upande wa kitenge, akafunga ncha moja kwenye kifundo cha mkono wangu na ncha nyingine kwenye mkono wake, akanishusha. Alisimama mbali, kwa heshima, kamba ikiwa imenyooka. Akivuta mara moja, turudi. Akilegeza, hakuna haraka. Tangu hapo hatukuifungua. Hata tulipopanda tena na kulala, nilijua kwamba nikivuta, naye atavuta.

Nililala kweli. Nilipoamka hewa ilikuwa nyingine, yenye unyevu wa mto mkubwa, na treni ilikuwa inakimbia. Kando yangu hakukuwa na harufu ya samaki. Nilipapasa kiti: bega jingine, jembamba. Kabalo ilikuwa imepita. Mama Feza alikuwa ameshuka.

Lakini kitenge kilikuwa bado mkononi mwangu, na hakikuning'inia. Kilikuwa kimekazwa kwa mtu.

Nilikaa na hofu hiyo kabla ya kuthubutu. Kisha nikavuta. Upande wa pili, kitu kikavuta.

Baada ya Kabalo

Aliyekuwa amefungwa nami alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alijua kusoma, Mungu ambariki. Kwa glavu aliniambia kwamba Mama Feza alimfunga kitenge bila kumwomba ruhusa, akamwambia, "Huyu mama haone na hasikie, usimwache," kisha akashuka na vikapu vyake. Alishindwa kukataa kwa sababu fundo lilikuwa gumu. Nikamwambia pole. Akagusa: SAFARI NI REFU. NI VIZURI KUFUNGWA NA MTU.

Kosa moja nililifanya kwenye njia hiyo. Mkono uliingia kwenye begi langu, nami nikiwa na hofu ya Kamina bado mwilini nikapiga kwa fimbo kadiri ya nguvu zangu. Alikuwa mkaguzi wa tiketi. Mwalimu alikuwa amemwambia tiketi iko begini. Nilisamehewa baada ya maelezo mengi ambayo sikuyasikia, na kwa amani nikampa mkaguzi ile chupa ya munkoyo. Huyo aliikubali. Ilikuwa imeshachacha siku nyingi, kwa hiyo sijui alikunywa nini.

Kwenye kituo cha Nyunzu mwalimu alimfunga mtu mwingine kile kitenge, akashuka. Huyo hakugusa glavu hata mara moja. Mkono wake ulikuwa na pete na ulitoka jasho. Sikujua ni mwanamume au mwanamke, wala kama ananitakia mema. Nilishika fimbo kwa mkono ulio huru, na sikulala tena. Treni iliposimama kwa mara ya mwisho, mkono huo ulifungua fundo, ukanipa kitenge kizima kikiwa kimekunjwa, ukaondoka.

Kalemie

Hakuna aliyekuja kunipokea, kwa kuwa hakuna aliyejua. Nilisimama nje ya kituo, upepo wa ziwa ukinipiga shavu moja, nikasema kwa sauti: "Ninatafuta nyumba ya Ramazani, ndugu wa marehemu dereva wa lori." Nilinyoosha mkono wenye glavu kama mtu anayeomba sadaka. Wengine waliweka sarafu. Nilizirudisha.

Mtu akanichukua, akanifikisha kwenye nyumba. Nikakaribishwa, nikapewa chai na dagaa wa ndakala wa kukaanga. Nilikuwa nimeshaanza kuwasalimu na kuuliza Sakina yuko wapi, ndipo mwenye nyumba alipoishika glavu akaandika: MIMI RAMAZANI MWINGINE. Walikuwa wamenipokea kama mgeni wa Mungu bila kuelewa kwa nini ninadai mtoto. Walinimalizisha chai kwanza, kisha wakanipeleka.

Nilijua nyumba ya kweli kwa mikono ya mama mkwe wangu, Bibi Mwajuma, mikavu na midogo, aliponishika mashavu. Hakuniachia kwa muda. Kisha Ramazani akaketi mbele yangu. Alikuwa msomi wa madrasa na wa shule pia, na glavu haikumsumbua.

NANI AMEKULETA?

Ningeweza kusema: nimekuja peke yangu. Nyumba yangu haikunishika mkono, hilo ni kweli. Lakini nilikuwa nimechoka, na sikutaka kumpata mwanangu kwa nusu ya maneno. Nikamweleza vyote: kaporali, daktari, Mama Feza, mwalimu, yule wa pete. Nikamwonyesha kitenge.

BASI HAUKUFIKA PEKE YAKO.

"Hapana," nikasema. "Hakuna siku nitafika mahali peke yangu, shemeji. Lakini nimefika."

Kisha nikauliza, "Sakina yuko wapi?"

YUKO HAPA. AMESIMAMA MLANGONI.

Nikamwita. Nikafungua mikono. Hewa haikusogea. Nikaita tena kwa jina la utani ambalo baba yake alimpa. Hakuja.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko Tenke. Tulikaa nyumba moja, na mwanangu hakunisogelea. Nilihisi hatua zake nyepesi kwenye sakafu ya mbao, zikija hadi karibu na mkeka wangu, zikisimama, zikirudi. Nilikula alichopika bibi yake na nikafikiri: wamemgeuza moyo. Nikafikiri pia: labda yuko salama zaidi hapa. Nilianza kupanga namna ya kurudi bila yeye.

Asubuhi moja nilikuwa nimeketi uani, glavu mkononi kwa mazoea tu, bila matumaini ya mazungumzo. Kitu chepesi kama nzi kikatua kwenye ncha ya kidole cha kati. Sikusogea. Kikaondoka, kikarudi, kikaenda kiganjani. Alikuwa anajifunza zilipo herufi. Kisha akaanza, taratibu, na kila herufi aliigusa kwa ncha ya ukucha tu, kana kwamba glavu ni moto:

NIKIKUGUSA NITAKUWA KIPOFU?

Watoto wa jirani ndio waliomwambia hivyo, kwamba ugonjwa wangu unapita kwenye ngozi, unaanza na macho kisha unakula masikio. Miezi yote hiyo alikuwa ameliamini. Na alikuwa amekuja kuniuliza kwa njia pekee iliyokuwapo, ambayo ni kunigusa.

"Hapana, mama," nikasema. "Haipiti. Ingepita, baba yako angekuwa nayo."

Kisha nikahisi kiganja chake chote, cha moto na chenye vumbi, kikilala juu ya changu.

Bibi Mwajuma alikuwa ametuona. Ndiye aliyeamua, si Ramazani. Alimwambia mwanawe mambo ambayo Sakina aliniandikia kwa ufupi tu: BIBI ANASEMA TUENDE. BIBI ANALIA. Bibi alikuwa amemzika mwanawe, mume wangu, na mtoto huyu ndiye aliyekuwa na uso wake. Niliuelewa uoga wake, maana ulikuwa uleule wangu. Nikamwambia aje Likasi wakati wowote, nyumba ni yake. Amesema atakuja kiangazi kikianza.

Kurudi

Mnaouliza kama safari ya kurudi ilikuwa rahisi kwa kuwa nilikuwa na macho ya mtoto: haikuwa. Kwenda nilikuwa na mwili wangu tu wa kuogopea. Kurudi nilikuwa na wake. Kila treni iliposimama niliwaza mabuti. Watu walipopita nilimvuta kwangu. Sakina alipolala sikuweza kusikia kama anapumua, kwa hiyo niliweka mkono juu ya mbavu zake, nihisi zikipanda na kushuka, na sikuuondoa vituo vingi, hata mkono ulipokufa ganzi. Mara mbili nilidhani zimeacha kusogea, nikamtikisa hadi akaamka.

Mara ya pili alikaa akanishika kifundo cha mkono. Aliivua glavu, akaikunja mfukoni mwake, akafungua kiganja changu kitupu na kuandika juu ya ngozi kwa kidole, herufi kubwakubwa kama za ubaoni:

NIKO. LALA.

Nikalala.